Ule Muziki wa Mjapani na Ukungu wa Ngumbo

Remi mwanangu,

Nimekutuma kwa bibi yako ukamuage, na nikakuambia usiharakishe, kaa, kula, msikilize. Ukweli ni kwamba nilitaka nyumba ibaki tupu kidogo. Sanduku lako liko hapa mbele yangu, limeshafungwa, na ndilo nililoligeuza meza. Mambo ya sabuni na ndala na kuamka mapema tumeyasema mpaka ukaanza kunikata jicho. Sitayarudia. Mikono imechoka na palizi, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Kesho unashuka ziwani. Ungepangiwa shule ya Songea, au hata Tunduru, barua hii nisingeiandika. Lakini umepangiwa kule kule Nyasa, jirani na Ngumbo ulikozaliwa, na kule wapo wanaoujua uso wako kwa sababu ni uso wa baba yako. Itafika siku mtu atakutazama, labda msichana wa bweni lenu, labda mama muuza samaki pale getini, atasema: "Kumbe wewe ndiye mtoto wa yule mwanamke wa mlimani, aliyemwita mumewe majini!" Siku hiyo nataka ikukute umeshasikia kwangu.

Umeniuliza mara nyingi baba alikufaje, nami nimekujibu neno moja: ziwa. Sikukudanganya. Nilikupa kipande tu.

Kwanza nikuulize kitu. Huo wimbo unaouimba ukienda kuchota maji, umeutoa wapi? Hauna maneno. Unaanza chini, unapanda polepole, unapanda, halafu unakata. Kila siku unakatia pale pale, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta pamefungwa. Uliuimba ukiwa na miaka sita. Nimekusikia ukiuimba umelala. Sijawahi kukufundisha, Remi. Tangu tupande huku Mbinga mimi sijautoa mdomoni hata mara moja. Mara ya kwanza kukusikia niliacha mboga ikaungua jikoni nikaja kukutazama, ukaniuliza, "Mama, mbona unaniangalia hivyo?" Nikasema nilidhani una homa.

Basi sikiliza.

Nilimaliza darasa la saba nikakaa nyumbani, na baba yako alikuwa anapanda na samaki wakavu kuuza sokoni Mbinga. Mama hakumtaka. Alisema, "Mtu wa ziwani ana nyumba mbili, na ya pili huujui mlango wake." Nilimwona mama mshamba. Nikashuka na baba yako Bosko hadi Ngumbo, na wewe tayari uko tumboni.

Kilichonipa shida kule si joto wala kazi. Ni ule uwazi. Macho yanakwenda, yanakwenda, hayagongi kitu. Mimi nimezaliwa kwenye ukungu. Unaijua desturi yetu: ukungu ukishuka, aliye shambani kwenye mashimo ya ngolo haoni hata shimo alilolichimba mwenyewe. Basi wa nyumbani anasimama mlangoni. Aliye shambani anaimba kipande, wa nyumbani anaitikia, kipande kingine, anaitikia, mpaka mtu anafika kizingitini kwa kufuata sauti. Jina halitajwi, ni wimbo tu. Na asiyeitikiwa hasogei, maana chini yake huenda pana bonde. Nilidhani watu wote duniani wanaishi hivyo.

Mdogo wake baba yako, Festo, alikuwa na banda la video. Asubuhi mvuvi na kaka yake, jioni mtu wa sinema. Alikuwa na sola, betri, spika moja kubwa, na mdomo. Filamu zote alizitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, amesimama pembeni na kipaza sauti, na kila akitaka kusema anaishusha sauti ya filamu. Festo akinyamaza ni kwa ajili ya kumeza mate. Mimi nilikaa mlangoni nikiuza karanga, wewe mapajani.

Alikuwa na filamu moja ya Kijapani ambayo watu waliidai kila wiki. Bibi kizee anatembea na taa kwenye msitu wa theluji, anamtafuta mtu, basi. Bibi mwenyewe hazungumzi. Lakini Festo alimpa maneno. "Hapo anasema, nikikukamata leo utajuta kuzaliwa! Hapo anasema, miguu yangu jamani, nani ana Panadol?" Watu walikuwa wanaanguka kwenye mabenchi. Nami nilicheka.

Siku moja Festo aliamka sauti imekauka kabisa, mafua. Akaiweka filamu hivyo hivyo. Watu wakaanza:

"Festo, leo bibi ni bubu?"

"Rudisha hela yetu bwana, hii ni misa ya wafu!"

Akatoka nje kubishana nao kwa mikono. Banda likabaki na watu wachache, na mimi nimesimama na ungo wa karanga kichwani, nimesahau kuushusha.

Sikujua kwamba nyuma ya maneno ya Festo kulikuwa na watu wengi kiasi kile. Fidla nyingi, nyembamba, zinavuta sauti moja ya juu kama uzi, huoni umeanzia wapi. Chini kabisa ngoma kubwa, ambayo naapa haipigwi, inaguswa tu, kama mtu anayebisha hodi akiombea asifunguliwe. Halafu wanawake, bila maneno, "aaa," mbali. Ile theluji nilikuwa nimeiona mara nyingi, lakini siku ile ndipo niliposikia baridi yake. Na nikasema moyoni: huyu mtu anakujua kwetu. Aliyetunga hiki amewahi kusimama kwenye ukungu akisubiri kuitikiwa.

Huku parokiani nilikuwa kwaya, sauti ya pili, na mwalimu wetu alitufundisha solfa mpaka tukaziota. Kwa hiyo masikio yangu yaliukimbilia ule wimbo na kuukamata: mi, so, la, unashuka kidogo, so, la, ti. Unafika ti. Mwalimu alikuwa anasema ti ni mtu aliyesimama kizingitini, usimwache hapo, mwingize kwenye do. Huyu Mjapani anamwacha. Anamfikisha kwenye ti, halafu wote wananyamaza. Fidla, ngoma, wanawake. Kimya kirefu mpaka watu waliobaki wakageuka kuangalia mashine, mmoja akapiga kelele nje, "Festo, imekata!" Haikuwa imekata. Filimbi moja, peke yake, ndogo, ikasema do. Na bibi kwenye filamu akagusa mlango.

Nililia, Remi, na sikuwa na msiba wowote.

Kesho yake nikamwambia Festo, "Shemeji, naomba uniwekee ule muziki kwenye simu."

"Upi?"

"Wa bibi wa theluji."

"Kwani ile ina muziki?"

Ameionyesha mara ngapi! Alinitafutia hata hivyo, akaniingizia kwenye memori kadi muziki wote mzima, bila filamu. Jina la mtunzi lilimshinda kulisoma. "Mzee mmoja huko Japani," akasema. "Yeye anaandika, wengine wanapiga, kama mia hivi. Lakini shemeji, hauna hata maneno!" Akanirudishia simu bila kuusikiliza.

Baba yako alinitania. "Mke wangu, umewasha tena mziki wa msibani?" Lakini muziki huu haukuombi ruhusa. Baada ya siku chache nilimkuta anashona wavu huku anaupiga mluzi. Akafika kwenye ti, akanyamaza, akanikazia macho. Nikaimba do. Akacheka, akaendelea kushona.

Ukawa mchezo wetu. Akirudi ziwani, kabla hajafika uani, anapiga mluzi: mi, so, la, so, la, ti. Halafu anasimama hapo nje, hata kama samaki wanamlemea, hasogei. Mimi jikoni, na moshi machoni, naitikia: do. Ndipo anaingia. Wewe ulikuwa unakimbia mlangoni ukisikia tu ule mluzi. Nilimfundisha mtu wa ziwani desturi ya mlimani kwa wimbo wa Mjapani. Nilijivuna sana, na kujivuna huko ndiko kulikomponza.

Kuna jambo la kule ambalo lazima ulijue. Wavuvi wa Ngumbo wana mwiko wao: ukiwa majini ukasikia wanawake wanaimba, hao si binadamu, wape mgongo, piga kafi, na usitaje jina la mtu yeyote. Mama mkwe alinieleza mapema. Nilimwitikia "Ndiyo mama," na ndani nikacheka.

Msimu wa baridi, asubuhi moja, ukungu wa kwetu ulishuka ziwani. Sijui ulipotea njia au vipi. Wazee walisema wameuona mara chache maishani mwao. Mweupe kabisa, umekaa juu ya maji haupumui. Kuku hawakutoka bandani. Ungesikia mtu anakohoa kando yako na usimwone. Baba yako na Festo walikuwa wametoka alfajiri kutegua nyavu, mtumbwi mmoja, na walikuwa hawajarudi.

Kule wanawake wana njia yao. Wanasimama ufukweni wanapiga madebe, na wa majini anafuata. Tukakusanyika, mama mkwe mbele na fimbo yake. Ko, ko, ko. Mimi nikasikiliza, nikaona sauti ile inagonga miamba inatawanyika, inatoka kila upande. Nikasema hawa watu wa uwazi wanajua nini kuhusu ukungu? Nikaenda bandani kwa Festo, nikabeba spika kichwani, betri mkononi, wewe unanifuata umeshika kanga yangu.

Nikamwambia mama mkwe, "Mama, waambie wanyamaze. Debe linawachanganya."

"Debe ndilo wanalolijua, mkwe."

"Bosko anaujua huu. Akiusikia atakuja moja kwa moja."

Akanitazama. Alikuwa mama aliyeogopa, na mimi niliongea kama ninayejua. Akaiweka fimbo chini. Na wengine wakaacha.

Nikachomeka ile kadi kwenye spika, nikawasha.

Remi, nimeishi na muziki ule, lakini sijausikia tena vile. Zile fidla hazikuonekana kutoka kwenye boksi. Zilikuwa ukungu wenyewe unalia. Wale wanawake wakaanza "aaa" yao, ikaenda juu ya maji, ikagonga miamba nyuma yetu ikarudi, ikawa kama wako wengine kule wanaitikia. Jirani yangu akafanya ishara ya msalaba. Mimi, Mungu anisamehe, katikati ya hofu ile yote niliona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Nilisahau kidogo kwa nini nimekiwasha.

Yaliyotokea majini alinisimulia Festo baadaye. Walikuwa karibu. Walikuwa wanalisikia debe, wanakuja nalo taratibu. Ghafla debe likanyamaza, na mahali pake wakaanza kuimba wanawake.

Festo akageuza mtumbwi. Baba yako akacheka. "Mjinga wewe, huo ni mziki wa Eusebia!"

"Usitaje jina!" Festo akamziba mdomo kwa kiganja, huku anapiga kafi kwa mkono mmoja kuelekea ndani ya ziwa. Mtu aliyeisimulia filamu ile kila wiki, muziki wake hakuujua. Siku zote alikuwa ameufunika kwa maneno yake.

Wakagombania kafi. Mwishowe baba yako akasema, "Basi nenda na samaki. Mimi naenda nyumbani." Akaingia majini. Alikuwa anaogelea vizuri, kila mtu anajua.

Ufukweni sisi hatukujua lolote. Muziki ukapanda, mi, so, la, so, la, ti. Ukanyamaza. Wanawake wakaanza kuinua madebe yao, nami nikawainulia mkono: subirini, hapa huwa unanyamaza, halafu unarudi.

Tukasimama kwenye kile kimya, sote. Maji hayakuwa na hata wimbi.

Ndipo tukasikia mluzi. Kutoka majini, si mbali. Mtu aliyechoka, pumzi inakatika. Mi, so, la. Akashuka, akapanda, akafika kwenye ti, akanyamaza. Akasubiri.

Wewe uliachia kanga yangu ukasema, "Baba."

Mama mkwe akageuka kunitazama. Ilikuwa noti moja tu, Remi. Nilikuwa nayo kooni. Nimeiimba jikoni nikiwa na moshi machoni, nimeiimba nimelala. Lakini nilikuwa nimeinua mkono, nasubiri filimbi ya Mjapani iiseme, kwa sababu yenyewe inaisema vizuri kuliko mimi. Kimya kikazidi kuwa kirefu. Nikatazama chini. Taa nyekundu ya spika ilikuwa imezimika. Betri ilikuwa imekwisha, na sijui ilikwisha saa ngapi.

Nikapiga kelele jina lake. Madebe yakaanza yote kwa pamoja. Mluzi hatukuusikia tena.

Jua lilipouchoma ukungu, mtumbwi ulirudi na Festo peke yake. Ziwa halikumrudisha baba yako. Ule msalaba utakaouona makaburini Ngumbo, chini yake hakuna mtu. Uusafishe hata hivyo.

Msibani Festo aliniambia mbele za watu, "Shemeji, ungepiga debe tu kama wenzio." Nilimchukia miaka mingi kwa neno lile, kwa sababu lilikuwa la kweli. Watu nao wakalitengeneza la kwao, kwamba mke wa mlimani alimwita mumewe na wanawake wa majini wakampokea. Nikakuchukua, nikapanda kurudi kwa mama. Hakuniambia "nilikuambia." Alitenga ugali.

Nimelifikiria jambo hili nikichuma kahawa, nikipalilia, nikikuogesha. Mwanzo nililaumu muziki. Halafu Festo. Halafu spika, kana kwamba boksi lina dhambi. Sasa naona kosa langu liko mahali pawili. Niliwanyamazisha waliokuwa wanamwita wanayemjua kwa njia anayoijua, kwa sababu mimi nilikuwa na kitu kizuri zaidi. Na mume wangu alipoimba, nilisubiri kizuri zaidi kimjibu. Sikuambii uache kupenda vitu vikubwa. Vipende. Lakini mtu akikuita, mjibu na sauti uliyonayo, hata kama imekwaruza.

Festo ameacha banda, nasikia. Utamkuta. Ni baba yako mdogo, mpe shikamoo yake vizuri na usimwangalie kwa jicho la kesi. Alifanya alivyofundishwa. Mwulize tu, kwa upole, kama ameshausikia ule muziki. Na mama mkwe, bibi yako wa kule, akikushika uso akalia, mwache alie.

Leo, ulipotoka, nimeitoa ile kadi kwenye kopo la chumvi kuukuu. Niliiweka kwenye simu. Nilidhani nitakuta kitu cha kutisha, kitu kilichokula mtu. Unatisha, ndiyo. Ulinitisha tangu siku ya karanga. Lakini ni muziki uleule, Remi, mzee yuleyule wa mbali aliyekaa na karatasi yake akafikiria mtu anayetafuta mlango kwenye weupe. Haijui Ngumbo, wala hatujui sisi. Nilifika kwenye kile kimya, nikashika ukingo wa sanduku lako. Nje maji yalikuwa yanadondoka kwenye migomba. Nilisubiri. Filimbi ikaja.

Kwa hiyo mwisho upo. Wewe uliondoka nao ufukweni ukiwa nusu, na nusu hiyo umeibeba miaka yote hii bila kujua ni mzigo wa nani. Shule hairuhusu simu, basi kadi nimeifunga kwenye pindo la kitenge chako cha bluu. Likizo tutausikiliza wote, mpaka mwisho, na ukitaka kunikasirikia utanikasirikia. Nitakuwa hapa.

Ukungu umeshuka sasa. Kutoka hapa dirishani silioni jiko. Wewe uko njiani unateremka kutoka kwa bibi, nakusikia kabla sijakuona, unaimba huku unakanyaga taratibu kwa sababu njia inateleza. Mi, so, la.

Sasa unapanda.

Umefika pale pale, umenyamaza, na hatua zako zimesimama. Kalamu naiweka chini. Natoka mlangoni, nakuitikia mwenyewe.